Kubadilisha Vizuia Jua vya MGB: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu vizuia jua, yaani mabao yanayoshushwa mbele ya uso wa dereva na abiria kuzuia mwanga, vya MGB, gari dogo la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, katika maumbo yake mawili: gari la wazi lenye paa la turubai, na GT yenye paa la bati, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1965. Tofauti kati ya maumbo haya mawili ndiyo inayozaa maswali mengi, kwa hiyo kabla ya kufuata jibu lolote, hakikisha linazungumzia umbo la gari lako.

## Mambo ya msingi

Kizuia jua cha MGB kimeundwa kwa sehemu zipi?

Kina sehemu tatu. Ya kwanza ni bao lenyewe, ambalo ndani lina kiini kigumu kilichozungushiwa sponji na kuvikwa vinaili. Ya pili ni mkono, yaani fimbo nyembamba ya chuma inayoingia ukingoni mwa bao na kubanwa humo na kibano chenye springi, ili bao lizunguke kwa ukinzani kidogo na kubaki pale lilipowekwa. Ya tatu ni kitako, kipande cha chuma kinachopokea mkono huo na kufungwa kwa skrubu kwenye mwili wa gari.

Katika gari la wazi, kitako hufungwa kwenye fremu ya juu ya kioo cha mbele, na fremu hiyo ni ya alumini. Katika GT hufungwa kwenye boriti ya bati iliyo mbele ya paa, nyuma ya kitambaa au vinaili ya dari. Mwenye gari la wazi huziona skrubu zake na mahali zinapoingia, ilhali mwenye GT huona vichwa vya skrubu tu, na mengine yote yamefichwa na dari.

Kwa nini vya zamani hupasuka na kulegea?

Vinaili ni plastiki ngumu iliyolainishwa kwa kemikali, na kemikali hizo huvukizwa na joto mwaka baada ya mwaka. Zikiisha, vinaili husinyaa, huvuta mishono na kingo zake, kisha hupasuka, mara nyingi kuanzia kwenye pembe au mahali mkono unapoingilia. Sponji ya ndani nayo huvunjwa na unyevu. Ndiyo maana bao lililokaa miaka mingi Mombasa au Tanga huweza kuonekana zima kwa nje, lakini ukilibonyeza kwa kidole unasikia unga ukisogea ndani.

Kulegea kuna chanzo chake chenyewe, na hakutibiwi kwa kubadilisha vinaili. Tazama swali la bao linaloanguka lenyewe, katika sehemu ya matatizo.

Je, huku kwetu vinahitajika kweli, au ni pambo?

Vinahitajika, ingawa kwa namna tofauti na huko vilikobuniwa. Abingdon iko kwenye latitudo ya karibu digrii 52 kaskazini, na katikati ya majira ya baridi jua la adhuhuri hapo halipandi zaidi ya digrii 15 hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo dereva huweza kumulikwa usoni siku nzima. Nairobi au Kampala jua huzama upesi na karibu wima, hivyo mwanga wa kupofusha hukaa muda mfupi zaidi: asubuhi mapema, na jioni baada ya saa kumi na moja. Muda huo mfupi, hata hivyo, ndio wa foleni, watoto wa shule na pikipiki. Saa zilizobaki ni jua linalokishambulia kizuia jua, wala si kizuia jua kinachomkinga dereva, na ndiyo sababu vipuri vinavyodumu miaka mingi Ulaya huchoka mapema vikiwa katika gari linaloegeshwa nje Afrika Mashariki.

Nikarabati vya zamani au ninunue vipya?

Angalia chuma kabla ya kuangalia vinaili. Ikiwa mikono imenyooka, vitako havijaliwa na kutu na kromu yake bado inashika, hivyo ndivyo vitu vya thamani, na havifai kutupwa kwa sababu tu bao limechanika. Bao linaweza kuvikwa upya na fundi wa viti, au kubadilishwa na jipya huku ukibakiza chuma cha awali. Vitako vya zamani vina faida moja kubwa: matundu yake yanalingana na matundu ya gari lako, jambo ambalo si vipuri vyote vipya vinavyoweza kulidai.

Nunua seti kamili ikiwa chuma kimeoza, mkono umevunjika, au gari lilikuja bila vizuia jua kabisa.

Lazima nibadilishe vyote viwili?

Si lazima, lakini afadhali. Cheusi kipya kando ya cheusi cha zamani huonekana mara moja, kwa sababu cha zamani kimepauka kuelekea kijivu au kahawia.

Ni kazi ya fundi, au naweza kuifanya mwenyewe?

Mtu anayeweza kushika bisibisi sawasawa anaweza kuifanya nyumbani. Gari ambalo skrubu zake zinafunguka bila ubishi huchukua muda mfupi, pengine saa moja kwa pande zote mbili. Kazi inakuwa ya fundi pale skrubu inapokatikia ndani, au tundu linapokuwa limepanuka kiasi cha kuhitaji kurekebishwa karibu na kioo.

## Kuchagua na kununua

Nitajuaje ni vizuia jua vipi vinavyofaa gari langu?

Anza na namba ya chesi. Herufi zake za mwanzo zinasema mengi: G ni MG, H ni kundi la ukubwa wa injini, N ni gari la wazi la viti viwili na D ni GT. Kwa hiyo GHN ni gari la wazi, na GHD ni GT. Tarakimu inayofuata huonyesha toleo: 3 kwa magari ya mwanzo, 4 kuanzia mwishoni mwa 1967, na 5 kwa yaliyofuata hadi mwisho. Herufi U baada ya tarakimu ya 5 ina maana kwamba gari liliundwa kwa ajili ya soko la Marekani.

Namba ya chesi pekee haitoshi, kwa sababu magari haya yamepita mikononi mwa watu wengi, na miongo mingi inatosha kabisa mtu kubandika kipande cha gari moja kwenye jingine. Pima gari lenyewe. Vua kizuia jua kimoja, hesabu skrubu za kitako, pima umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi jingine, pima unene wa mkono kwa kalipa, na upime urefu na kimo cha bao. Mpelekee muuzaji vipimo hivyo pamoja na picha iliyopigwa juu ya rula. Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu kwa vipimo. Anayekujibu kwamba vinaingia MGB zote hajui, au hajali.

Vya gari la wazi vinaingia kwenye GT?

Havibadilishani. Boriti ya GT na fremu ya gari la wazi ziko katika pembe tofauti, na mkono uliopindwa kwa ajili ya moja huliacha bao likining'inia mbali na kioo au likikwaruza dari likiwa kwenye nyingine. Kuupinda mkono kwa koleo ili ufae ni kualika kromu ipasuke, na kutu itaingia hapo hapo.

Muuzaji anaandika kushoto na kulia. Ni kushoto kwa nani?

Katika vipuri vya magari, kushoto na kulia huhesabiwa ukiwa umeketi ndani ya gari ukitazama mbele. Utata huja pale muuzaji anapoandika cha dereva na cha abiria bila kutaja usukani uko upande gani. Kwa muuzaji wa Marekani, cha dereva ni cha kushoto. Kwa gari la Kenya, Tanzania au Uganda, cha dereva ni cha kulia. Kioo kidogo cha kujitazama, pale kilipo, kwa kawaida huwa upande wa abiria, kwa hiyo seti ya Marekani yenye kioo hicho itakileta mbele ya macho ya dereva wako. Hilo si hatari kubwa, ila linaudhi, na dereva anayeukimbia mwanga wa jua hahitaji kioo cha kuurudisha machoni pake.

Vipuri vipya vya kuigiza vina ubora gani ukilinganisha na vya kiwandani?

Ubora unatofautiana sana, na picha ya muuzaji haionyeshi yaliyo muhimu. Tazama ukingo: vizuia jua vya zamani vya namna hii vingi vilifungwa kwa kuyeyusha vinaili yenyewe kwa umeme wa masafa ya juu, hivyo ukingo wake ni mwembamba, bapa na hauna uzi. Vya kuigiza vingi hushonwa kwa cherehani. Cha kushonwa kinaweza kudumu hata zaidi, lakini hakifanani na cha awali, na mwenye gari la mashindano ya urembo, kama yale ya Africa Concours d'Elegance ya Nairobi, anapaswa kulijua hilo kabla ya kulipa.

Jambo la pili ni kibano cha ndani. Chukua bao jipya, shika mkono wake, lizungushe taratibu kutoka juu hadi chini. Linapaswa kukataa kidogo kwa nguvu ileile njia nzima. Likiteleza mahali fulani kisha likakwama mahali pengine, lirudishe kabla hujalifunga, kwa maana baada ya kufungwa muuzaji atadai kwamba umeliharibu wewe.

Fundi wa viti wa mtaani anaweza kuvika upya vya zamani?

Anaweza, na mara nyingi matokeo yanapendeza kuliko kipuri cha bei nafuu. Mpe vyote viwili kwa pamoja ili avikate kwenye kipande kimoja cha vinaili. Mwambie atumie sponji nyembamba, ya milimita 3 hivi, kwa sababu mafundi wengi wamezoea viti na hupenda unene. Bao nene halitakunjika vizuri juu, na katika gari la wazi litagombana na fremu ya turubai. Mwombe pia ausogeze mshono uelekee juu au upande wa kioo, usiwe upande wa uso wa dereva. Vinaili laini sana ya mabegi haifai, kwa kuwa hunyooka kwenye joto na kuacha mikunjo.

Kabla hajafungua bao, piga picha ya mahali mkono unapoingilia na uelekeo wa kibano. Kibano kikirudishwa kinyume, bao zima linakuwa halina kazi.

## Zana na kufungua

Nahitaji zana gani?

Bisibisi sahihi ni nusu ya kazi. Magari ya Uingereza ya miaka ya 1960 na 1970 yalitumia sana skrubu za Pozidriv, ambazo kwa haraka huonekana kama skrubu za kawaida za nyota. Zitazame kwa karibu: Pozidriv ina mistari minne myembamba iliyochorwa kati ya mikono ya nyota, kwa hiyo ukihesabu unapata miale minane badala ya minne. Bisibisi ya nyota ya kawaida huingia ndani yake bila kujaa, hupanda juu unapokaza, na hula meno ya kichwa mara ya pili au ya tatu. Pata bisibisi ya Pozidriv namba 2 kwa skrubu nyingi za ukubwa huu.

Mengine ni ya kawaida: mafuta ya kulegeza kutu, brashi ndogo ya waya, tepu ya karatasi ya kulinda rangi na dari, kitambaa kinene cha kufunika dashibodi, na shazia au pini ndefu kwa wenye GT. Drili iache sandukuni mpaka swali la skrubu iliyokatika au la tundu lililopanuka likuambie uitoe.

Skrubu zimegoma. Nifanye nini kabla hazijakatika?

Katika gari la wazi, skrubu ya chuma iliyokaa ndani ya alumini kwa miaka mingi hushikana nayo, hasa penye hewa ya chumvi, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu moja huila nyingine. Dalili yake ni unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu. Usianze kwa nguvu. Piga brashi, tia tone la mafuta ya kulegeza, acha hadi kesho yake, tia tena. Kisha ikaze kidogo kwanza, kama unayetaka kuifunga zaidi, halafu ndiyo uifungue. Mwendo huo mdogo wa kwenda na kurudi huvunja ule unga bila kuvunja skrubu.

Joto husaidia, lakini si la moto. Ncha ya chuma cha kulehemu nyaya ikiegeshwa juu ya kichwa cha skrubu kwa dakika moja au mbili hupasha skrubu peke yake. Moto wa gesi usiukaribishe kabisa, kwani kioo, mpira wake na rangi viko umbali wa kidole.

Skrubu imekatikia ndani. Sasa?

Hapa ndipo kioo kinapoweza kugharimu kuliko kazi yote. Alama ya katikati igongwe kwa wepesi mno, drili iwe ya mzunguko wa polepole, na ncha yake ifungwe tepu kuonyesha kina ambacho haipaswi kupita. Kioo cha tabaka mbili huweza kupata ufa kikiguswa ukingoni. Kioo kilichokazwa kwa joto, ambacho baadhi ya magari ya enzi hii yalikuwa nacho mbele, kikiguswa ukingoni na ncha ya drili hugeuka chembechembe chote kwa mara moja. Kama hujawahi kutoa skrubu iliyokatika mahali penye nafasi ya kutosha, usijifunzie hapa.

## Kufunga

Utaratibu wa gari la wazi ni upi?

Funga turubai juu kwanza, kisha fanya kazi ukiwa ndani. Hatua hii watu huiruka kwa sababu ni rahisi zaidi kufanya kazi paa likiwa limekunjwa, halafu siku ya mvua wanagundua kwamba bao linazuia fremu ya turubai isishike vizuri. Kioo cha kutazama nyuma, ambacho katika gari la wazi hukaa kwenye fimbo ya katikati ya kioo cha mbele, kilegeze na ukishushe kidogo ili upate nafasi ya mkono na bisibisi.

Safisha matundu, yajaribu kwa skrubu tupu bila kitako, na uhakikishe kila moja inaingia kwa vidole angalau mizunguko miwili. Paka skrubu dawa ya kutenganisha metali, au grisi kidogo isiyopitisha maji, ili anayekuja baada yako asikutane na unga mweupe uleule. Weka kitako, ingiza skrubu zote kwa vidole, kisha zikaze kwa zamu, kila moja kidogo. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, kitako huvutwa upande mmoja na ya mwisho haitapata tundu lake.

Kabla ya kukaza kabisa, shusha bao, lipandishe, lizungushe upande wa mlango kama mkono wake unaruhusu, na uangalie kama linagusa kioo cha kutazama nyuma au vishikizo vya turubai. Likigusa, kitako kina uhuru mdogo wa kusogea ndani ya matundu yake, utumie sasa.

Katika GT utaratibu unabadilika vipi?

Kanuni za skrubu ni zilezile za jibu lililotangulia, isipokuwa dawa ya kutenganisha metali, ambayo hapa si ya lazima kwa kuwa boriti ni ya bati. Kinachobadilika ni dari. Tundu la kwenye bati haliko tena mahali tundu la kwenye dari lilipo, kwa sababu dari husinyaa na kuvutika kadiri inavyozeeka. Tumia shazia kutafuta tundu la bati kupitia tundu la dari, livute dari taratibu mpaka matundu yalingane, kisha ingiza skrubu ya kwanza bila kitako ili ishikilie mahali. Baada ya kupata yote, toa moja moja ukiingiza kitako.

Usiingize skrubu kwa kuisukuma huku ukiizungusha gizani. Skrubu ya kujichimbia, ambayo aghalabu ndiyo inayotumika kwenye bati, hujichimbia njia mpya kwa furaha, na mwisho unakuwa na tundu mbili zinazogusana, na hakuna inayoshika.

Nimeweka dari mpya na matundu yamefunikwa. Nitayapataje?

Kama dari bado haijabandikwa, rahisisha maisha: acha skrubu ndefu zimesimama ndani ya kila tundu kabla ya kuiweka. Zitaonekana kama vichuguu vidogo chini ya dari, na unatoboa palepale juu ya kila kimoja.

Kama imeshabandikwa, papasa kwa ncha ya kidole mpaka uhisi shimo, kisha hakikisha kwa pini nyembamba. Dari ya vinaili itoboe kwa sindano nene iliyopashwa moto: hufanya tundu la duara lenye ukingo ulioyeyuka, ambalo halichaniki baadaye, tofauti na mkato wa kisu ambao hukimbia dari ikivutwa. Dari ya kitambaa itoboe kwa shazia, ukitenganisha nyuzi bila kuzikata. Drili isiguse kitambaa hata kidogo, kwa kuwa ncha yake hushika uzi mmoja na kuuvuta hadi katikati ya paa.

Nikaze kiasi gani?

Kaza mpaka kitako kisicheze ukikitikisa kwa kidole gumba na cha shahada, kisha acha. Hakuna mzigo hapo zaidi ya bao lenyewe na mkono wa dereva.

## Matatizo baada ya kufunga

Bao linaanguka lenyewe barabarani.

Angalia ni wapi panapolegea. Ikiwa mkono wenyewe unazunguka ndani ya kitako, baadhi ya vitako vina skrubu ndogo ya kubana. Kaza robo mzunguko, jaribu, kaza tena. Ikiwa bao linazunguka juu ya mkono uliotulia, kibano cha ndani kimechoka au fimbo imelika. Vuta mkono nje, uvalishe mpira mwembamba wa kusinyaa kwa joto, ule wanaoutumia mafundi umeme kufunika maungio ya nyaya, upashe mpaka ushike, kisha uurudishe. Unene huo mdogo hurudisha ukinzani kwa muda mrefu. Usigonge kitako wala kukiminya kwa koleo, maana metali yake huvunjika kabla ya kupinda.

Ukungu wa mafuta unatanda kwenye kioo cha mbele tangu niweke vipya.

Hizo ni zile kemikali za kulainisha vinaili, zilizotajwa katika swali la kupasuka. Vinaili mpya huzitoa kwa wingi miezi ya mwanzo, hasa gari likifungwa juani. Futa kioo kwa maji na spiriti kidogo, acha madirisha wazi kidogo gari likiwa mahali salama, na hali itapungua. Ni jambo la GT zaidi kuliko la gari la wazi.

Tundu limepanuka na skrubu inazunguka bure.

Kwenye bati la GT, jaribu kwanza skrubu ya ukubwa unaofuata, urefu uleule. Nyingi hupona hapo. Isiposhika, nati ya riveti ndogo, yaani nati inayobanwa ndani ya tundu kama riveti, huingia vizuri, mradi kitako kiifunike. Kwenye alumini ya gari la wazi, suluhisho safi ni kuchonga meno mapya na kuweka koili ya chuma ya kurudisha meno, ili skrubu ya ukubwa wa awali iendelee kutumika. Vijiti vya kiberiti na gundi, dawa maarufu ya gereji nyingi, hushika mpaka siku ya joto kali.

## Hali za pekee

Gari langu halina matundu kabisa. Nitoboe?

Tafuta kwanza chini ya rangi na chini ya dari, kwa maana mara nyingi matundu yapo na yalijazwa wakati wa kupaka rangi. Kama kweli hayapo, azima gari la mwenzako la toleo lilelile na upime kutoka kwenye fimbo ya katikati au katikati ya kioo. Kwa maoni yangu, gari la wazi la mwanzo ambalo halina dalili ya kuwahi kuwa na vizuia jua ni heri liachwe hivyo, dereva avae miwani ya jua. Tundu kwenye fremu ya alumini halifutiki.

Gari langu lilitoka Marekani. Kuna tofauti yoyote ya kuzingatia?

Ipo. Kanuni ya usalama namba 201 ya Marekani, iliyoanza kutumika 1 Januari 1968, ilitaka vizuia jua vya mbele vitengenezwe au vivikwe kwa kitu kinachonyonya nguvu ya kichwa kinapogonga, na ikataka ukingo wowote mgumu wa vishikizo vyake unaoweza kuguswa na kichwa usiwe na nusu kipenyo cha mviringo chini ya milimita 3.2. Kwa hiyo usiweke bao tupu lisilo na sponji, wala kitako cha kujitengenezea chenye kona kali, hata kama gari sasa liko nchi isiyokagua jambo hilo. MGB haina mfuko wa hewa. Kichwa cha abiria kikienda mbele, hayo ndiyo kinayokutana nayo.

Maelekezo haya yanafaa Datsun 240Z?

Kwa moyo wake ndiyo, kwa vipimo hapana. Gari hilo, ambalo Afrika Mashariki inalikumbuka kwa ushindi wa Safari Rally wa 1971 na 1973, lina paa la bati, kwa hiyo fuata majibu ya GT. Lakini skrubu zake ni za kipimo cha milimita na vichwa vyake ni vya kiwango cha Kijapani, ambavyo hufanana na nyota ya kawaida na aghalabu huwa na kitone kidogo kilichobonyezwa kando. Bisibisi ya Pozidriv itaviharibu kama vile ya kawaida inavyoharibu za MGB. Tafuta ya kiwango cha Kijapani, au tumia ile ya pikipiki za Kijapani, ambazo skrubu zake za zamani ni za namna hiyohiyo.

Nimebakiwa na vizuia jua vya zamani. Vina kazi gani?

Vifunge kwenye karatasi, si nailoni, maana nailoni hubakiza unyevu na vinaili hunata nayo. Andika namba ya chesi na upande, kushoto au kulia, juu ya kila kimoja, na skrubu zake zitie kwenye bahasha iliyofungwa kwenye mkono wake. Fundi wa viti atakayeombwa kuvika seti nyingine atahitaji kipimo cha bao la awali, na mnunuzi wa gari akija atauliza viko wapi.